Nilivyoishikilia sare nikiwa nyuma kwa askari mmoja

Ilikuwa raundi ya 5 ya mashindano ya chesi (sataranji), Jumapili jioni, Dar es Salaam. Mimi na mpinzani wangu tulikuwa tumeshacheza mara 6: kanifunga mara 2, nimemfunga mara 2, sare 2. Ninachokijua anakijua.

Hatua ya 38 niliharakisha, askari wangu mmoja akaliwa bure. Tulipovuka hatua ya 60, ubaoni zilibaki kete tano: wafalme wawili, ngome mbili na askari wake mweupe kwenye e5 (herufi ni safu ya kwenda juu, namba ni mstari wa kulala). Mfalme wangu yuko e8, wake d5. Saa yangu ilishaisha dakika, naishi kwa zile sekunde 30 zinazoongezwa kila hatua.

Hapo ndipo niliposhindwa mwaka juzi, na mtu mwingine. Nilirudisha ngome yangu nyuma kabisa, kando ya mfalme, nikidhani namlinda. Askari wa katikati hazuiliki hivyo. Iliniuma sana. Nikajifunza njia ya Philidor, Mfaransa aliyeichambua karne ya 18 na ambaye pia alikuwa mtunzi wa muziki. Kwa wiki nzima mdogo wangu alishika weupe kila baada ya chakula cha usiku, nami nikazuia, mpaka mkono ukazoea.

Kwa hiyo ngome yangu niliiweka a6. Ikikaa mstari huo wa sita, mfalme mweupe hapati njia ya kusogea mbele. Naipeleka b6, naipeleka g6, narudi a6. Kazi yote ni kusubiri, na kusubiri huku vidole vinatetemeka ni kugumu kuliko kushambulia, naamini hivyo kabisa.

Alifikiri karibu dakika nane. Kisha akamsukuma askari hadi e6.

Papo hapo ngome yangu ikashuka mpaka a1. Wengi hukosea hapa kwa kuchelewa hatua moja. Askari akishafika e6, mfalme wake hana tena pa kujificha: akienda d6, cheki (tishio kwa mfalme) kutoka d1, e5, cheki kutoka e1, f6, cheki kutoka f1. Akinifuata kule chini, askari wake anabaki peke yake.

Baada ya cheki ya saba akasogeza mfalme, akaniangalia, akasema taratibu, "Kaka, sare?" kisha akabonyeza saa. Nikampa mkono.

Tulipomaliza kusaini karatasi alizipanga tena zile kete tano. "Hiyo a1 nionyeshe tena," akasema, na safari hii weusi akachukua yeye.