Benchi la Daraja la Tatu

Tulikuwa tumeshaipita Mtito Andei, treni ya Madaraka Express imeshika kasi yake kuelekea Mombasa, mwanangu kabandika pua kwenye kioo akitafuta tembo wa Tsavo. Ghafla akageuka. "Mama, nyanya husema zamani walipanda daraja la tatu. Mbona hapa silioni?" Nikamwambia halipo tena, liko makumbusho. Jibu lilimtosha, akarudi kwa tembo wake. Mimi halikunitosha. Hadi tunashuka Miritini nilikuwa nasikia harufu ya vanishi, na ndani ya behewa lile lenye kiyoyozi hapakuwa na vanishi hata tone.

Harufu ile ni ya behewa la zamani nililowahi kulitengeneza na Mzee wa karakana, fundi aliyeunda mabehewa katika karakana ya reli ya Nairobi. Wakati huo alikuwa amestaafu zamani, na Jumamosi alikuja Makumbusho ya Reli, kule nyuma ya stesheni ya Nairobi, na begi lake la turubai lenye patasi, randa ndogo na nyundo aliyoichongea mpini mwenyewe. Tuliomfuata tulikuwa wachache: vijana wa chuo, mstaafu mmoja aliyefanya kazi ya ishara za reli, na mimi ambaye nilikwenda mara ya kwanza kutazama tu nikapewa msasa. Hakuna aliyelipwa. Chai tulichangishana.

Makumbusho yale yalifunguliwa mwaka 1971, na anayeingia macho yake huenda kwanza kwenye injini za mvuke. Ni haki yake. Garratt za aina ya 59, zilizopewa majina ya milima ya Afrika Mashariki, zina uzito wa tani zaidi ya 250, na hata zikiwa zimezimwa mtu husimama mbele yake akanyamaza. Lakini chuma huvumilia. Chuma kikinyeshewa miaka kumi kitashika kutu, utakikwangua, utakipaka rangi. Behewa la mbao halikupi nafasi hiyo. Paa lake la zamani ni mbao zilizofunikwa turubai na kupakwa rangi nzito. Turubai likichanika kidogo tu, maji huingia kimyakimya, hushuka ndani ya ukuta, hutua kwenye sakafu, na siku utakayoona dalili kwa nje, ndani kumeshaoza. Ndiyo maana Mzee alikuwa na haraka na mabehewa kuliko injini. Alisema injini zina wapenzi wengi, mabehewa yetu yanakufa yakiwa yamesimama.

Behewa letu lilikuwa la daraja la tatu. Tulianza kuliondoa rangi kwa nje, tukiwa tumefunga pua na kulowesha msasa maji, kwa sababu rangi za zamani zina madini ya risasi na vumbi lake ni sumu. Ubavuni, kila tabaka la rangi lilikuwa na mwenyewe. Juu kabisa herufi za KR, yaani Kenya Railways, za baada ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuvunjika mwaka 1977. Chini yake zikatokeza EAR, yaani East African Railways, na chini zaidi, hafifu mno, KUR, yaani reli ya Kenya na Uganda kabla ya kuunganishwa na ya Tanganyika mwaka 1948. Mzee alizitazama zile EAR kwa muda mrefu. Ilipomalizika njia ya kuunga Mnyusi na Ruvu, kule Tanganyika, mwaka 1963, alituambia, behewa lililotoka mikononi mwao Nairobi lingeweza kuvutwa hadi Tabora bila abiria kubadilisha treni. Kisha akasema tuendelee kusugua.

Wageni walitupita. Walikuwa wanakwenda kwenye behewa la simba, lile la mwaka 1900, pale Kima, ambapo ofisa wa polisi Charles Ryall alikaa usiku na wenzake wawili akimvizia simba mla watu, usingizi ukamchukua, simba akapanda, behewa likainama kwa uzito wake, mlango wa kusukuma ukajifunga nyuma yake, na mwishowe akatoka dirishani na Ryall mdomoni. Watoto wa shule hupenda kuhadithiwa hapo hapo penyewe. Sijawahi kuwaonea kijicho waliolipenda behewa lile. Kilichokuwa kinaniuma ni kwamba kisa cha mtu mmoja kimehifadhiwa hadi upande ulioinama, ilhali kule Tsavo wafanyakazi Wahindi 28 walihesabiwa kuliwa, na Waafrika walioliwa pamoja nao hakuna aliyeandika hesabu yao. Behewa la daraja la tatu nililiona hivyo pia. Ndilo lililobeba watu wengi kuliko yote, na halikuwa na hata kibao cha maelezo.

Basi siku moja tulikuwa ndani. Safu ya mabenchi ya upande mmoja tumeshaimaliza, mbao zimerandwa, zimepigwa vanishi mara ya pili, zinang'aa. Upande wa pili bado ulikuwa kama tulivyoukuta. Mzee alikuwa amepiga magoti akipima ubao wa sakafu chini ya benchi moja la upande huo. Ubao ulikuwa na bonde, umeliwa katikati, na kwa chini umeoza. Alikuwa ameshachora mstari wa penseli pa kukatia.

Akaja mama mmoja mtu mzima na mjukuu wake aliyevaa sare ya shule. Alikuwa amefunga leso kiunoni juu ya gauni na kushika kijibegi cheusi kwa mikono miwili. Alipita injini bila kusimama. Alilipita behewa la simba, mjukuu akimvuta mkono, akakataa kuvutwa. Akasimama chini ya mlango wetu akatazama juu.

"Hodi. Hili ndilo letu?"

Mzee akainuka akijipangusa vumbi. "Ndilo, mama. Karibu, ila bado tunalitengeneza."

Hapakuwa na ngazi. Mzee akashuka, akamwekea kreti ya mbao, akaijaribu kwanza kwa mguu wake mwenyewe, kisha akampa mkono. Mama akaingia, akasimama kidogo katikati. Akakaa kwenye benchi jipya. Akapitisha kiganja juu ya vanishi, mara moja tu, akainuka. Akahamia upande wa pili, kwenye mbao za kijivu, akakaa huko, na safari hii akaegemea.

"Lile si letu," akasema. "Hili ndilo."

Tukaacha kazi. Akatuambia alitoka Butere mara ya kwanza akiwa msichana aliyeolewa mwaka huohuo, kumfuata mume wake aliyekuwa fayamani, mchochea moto wa injini, na kupewa chumba Muthurwa, kwenye nyumba za wafanyakazi wa reli Nairobi. Butere hadi Kisumu, Kisumu hadi Nairobi, usiku kucha. Daraja la kwanza wazungu, la pili Wahindi, na wao huku. Wenzao walikuwa na vitanda na behewa la chakula, na walisikia mhudumu akipita huko mbele akigonga kimarimba kuwaita watu mezani. Wao walikula walichobeba. Hayo aliyasema haraka haraka, kama mtu anayejua sote tumeshayasikia. Kisha akainama.

"Kuku waliwekwa hapa," akaonyesha chini ya benchi, kwenye kona. "Kikapu cha omena hapa, mbali na kuku. Na mtoto hapa." Akagusa nafasi ya katikati. "Safari ya pili nilikuwa na mtoto. Juu huwezi kumlaza, treni ikikata kona anaanguka. Unatandika leso chini, unamlaza chini ya benchi, halafu unaweka mguu wako hivi, umzuie asitelezee kwenye njia ya watu. Ukisinzia, mguu wenyewe unajua."

Akavua kiatu. Mimi nilikuwa nimekaa sakafuni karibu yake na niliuona mguu ukishuka ukatua kwenye lile bonde la ubao. Kisigino kilikaa sawasawa, vidole vikaelekea kwenye mguu wa benchi. Penseli ya Mzee ilikuwa imepita sentimita chache kutoka hapo. Simaanishi kwamba bonde lile lilichimbwa na yeye. Behewa moja hubeba maelfu, na hatukuwa na njia ya kujua kama hilo ndilo alilowahi kulipanda. Lakini kina mama waliokaa mahali pale na mtoto chini hawakuwa mmoja, na wote walikuwa na mahali pamoja tu pa kuweka mguu.

Akauona mstari wa penseli.

"Huu mnautoa?"

"Umeoza kwa chini, mama," Mzee akasema. "Nikiuacha, mtu atatumbukia."

"Basi utoe. Sitaki mtu aumie." Akavaa kiatu chake polepole. "Lakini ukishautoa na kuweka mpya unaong'aa, usiwaambie watoto hivi ndivyo ilivyokuwa."

Nilidhani Mzee atanyamaza, kwa kuwa hakuwa mtu wa kubishana na wageni. Hakunyamaza. Akaenda kwenye lile benchi jipya, akapiga magoti tena, akamwita. "Mama, njoo uone hapa." Akamwonyesha skrubu za shaba zilizoshikilia mbao kwenye miguu ya benchi, moja baada ya nyingine. Mfereji wa kila skrubu, pale inapoingia bisibisi, ulikuwa umesimama wima. Zote, mstari mzima.

"Hizi hatukuzipanga sisi leo. Tumezisafisha tu. Ndivyo zilivyotoka karakana. Ukizisimamisha wima, vumbi na maji havikai. Daraja la kwanza tulifanya hivyo kwa sababu bwana mkubwa alikuja kukagua. La tatu hakuna aliyekuja kukagua. Tulizisimamisha vilevile." Sauti yake ilikuwa imepanda kidogo. "Siku lilipotoka kwetu, mama, lilikuwa linang'aa hivi. Nililipiga vanishi mimi. Hatukuwapa watu wetu behewa chafu. Yaliyotokea baadaye barabarani siyo sisi."

Mama akainama akazigusa skrubu kwa kidole, akazifuata hadi mwisho wa benchi.

"Hilo sikulijua," akasema.

Wakatazamana. Mjukuu akauliza kama sasa wanaweza kwenda kuona simba. Mzee akamshika mama mkono hadi kwenye kreti, akamshukia mbele, wakaagana kwa kupeana mikono miwili. Sikumwona tena.

Wiki zilizofuata tulibishana sana kuliko tulivyofanya kazi. Vijana wa chuo walitaka upande mmoja uachwe kijivu, upande mmoja ung'ae, mgeni ajionee yote mawili. Mzee wa ishara alisema behewa nusunusu ni dharau kwa fundi na kwa abiria. Mzee wangu hakuchangia. Siku moja tulifika tukakuta ameutoa ubao, ameukwangua uozo wote kwa chini hadi ukabaki mwembamba kama kifuniko cha sanduku, ameuunga kwa gundi juu ya mbao mpya ngumu, na kuurudisha mahali pake. Bonde liko juu palepale, na ukilikanyaga halitikisiki. Mstari wa penseli hakuufuta. Mabenchi yote, ya pande zote mbili, aliyapiga vanishi, na kila skrubu aliyoifungua aliirudisha wima.

Kazi ilikatika kabla hatujafika kwenye paa. Pesa za turubai hazikupatikana, Mzee akaanza kuugua kifua, mimi nikapata kazi Mombasa. Nilipokwenda kumwona nyumbani kwake aliniuliza mambo mawili: kama mvua imeanza Nairobi, na kama tumeshaandika kibao cha maelezo.

Hatukuwa tumekiandika. Tulikuwa na maneno yote, ya KUR na EAR na KR, ya Butere na Muthurwa, hata ya skrubu. Tulichoshindwa kukubaliana ni mwaka. Yeye alitaka uandikwe mwaka behewa lilipotoka karakana. Mimi nilitaka tuandike miaka lilipopakia watu. Nilimwambia hivyo, naye akatikisa kichwa, akasema hiyo si tarehe, hayo ni maisha ya watu, na kibao hakina nafasi. Nikamjibu basi tutengeneze kibao kirefu zaidi. Akaniagiza nimletee kipimo cha ukuta ulio kati ya dirisha la kwanza na mlango, akaone kama mbao aliyo nayo itatosha.