Pini Nne na Fundi Saa wa Makoroboi

Mwaka 2015 nilikuwa na steshenari ndogo pale Nyegezi, Mwanza, kwenye njia ya daladala ziendazo Malimbe. Kazi zilikuwa zile zile za kila steshenari: kuchapa, kutoa kopi, kuprinti tafiti za wanachuo, kupiga picha za pasipoti. Hela yenyewe ilikuwa kwenye video za harusi na sendofu, nilizokuwa nikihariri usiku.

Kompyuta zilikuwa mbili, pacha, nimezinunua mitumba kwa mpigo mmoja. Zote zilikuwa na mazabodi (bodi kuu ya kompyuta) ya chipuseti ya G31 na prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, ya Pentium E2160: kori (vitengo vya kufanyia kazi) mbili, kasi ya 1.8 GHz. Kwa kuchapa barua sikuwa na neno nazo. Kwa video ungezichukia. Sendofu moja ilikuwa ikijitengeneza usiku kucha, halafu unafika asubuhi unakuta umeme ulikatika saa tisa na kazi yote imerudi sifuri. Mama mmoja wa bibi harusi alinipigia simu mara nne siku moja. Mara ya nne hakusalimia.

Tena zilikuwa na ugonjwa wa kusahau. Ukiziwasha asubuhi, skrini nyeusi inakudai ubonyeze kitufe cha F1, kisha tarehe inasoma Januari mosi 2007. Mwanafunzi akijaribu kufungua tovuti ya chuo, inagoma, kwa sababu kwa hesabu za kompyuta cheti cha usalama cha tovuti hiyo kilikuwa bado hakijazaliwa. Nikawa narekebisha tarehe kwa mkono kila siku, kama mtu mwenye mlango mbovu aliyezoea kuunyanyua kidogo ndiyo ufunge.

Aliyeniletea habari za Xeon ni mdogo wangu, fundi kompyuta Kariakoo. “Kaka, usinunue mashine nyingine. Nakutumia prosesa.”

Prosesa yenyewe, Xeon E5450, ilitengenezwa kwa ajili ya seva, kompyuta kubwa za kuhudumia nyingine, ikaingia sokoni mwishoni mwa 2007: kori nne, 3.0 GHz, kache (kumbukumbu ya ndani ya prosesa) ya MB 12 wakati Pentium yangu ilikuwa na MB 1 tu. Seva zile zilipochakaa na kung'olewa, prosesa zake zikazagaa kwa wauzaji wa China kwa bei ya kutupa. Kasoro ni kwamba Xeon hiyo inakaa kwenye tundu (soketi) la aina ya LGA 771, na bodi zangu zilikuwa LGA 775. Watundu wa dunia walishagundua kwamba matundu hayo ni ndugu wa karibu mno. Kuna njia mbili za umeme zilizobadilishana nafasi, basi unabandika stika nyembamba, ndogo kuliko ukucha wa kidole cha mwisho, inazivusha. Kisha kwenye tundu kuna vijino viwili vya plastiki vinavyomkataa mgeni. Hivyo unavikata kwa wembe.

Zikaja mbili kwa basi, ndani ya bahasha, zimeviringishwa kwenye sponji. Shilingi elfu hamsini kila moja, stika zimeshabandikwa.

Kabla ya wembe kulikuwa na BIOS, programu ya kuwashia iliyo ndani ya bodi, ya kubadilisha, ili bodi imtambue mgeni wake. Umeme ukikatika katikati ya shughuli hiyo, bodi umeizika. Niliazima UPS (betri ya akiba) ya jirani, nikasubiri saa nane usiku, nikamaliza zote mbili. Sitaki kuikumbuka zaidi ya hapo.

Kompyuta ya kwanza ilikubali bila ubishi. Nilikata vijino, nikalaza prosesa, nikapaka pesti ya kupozea, nikafunga feni. Skrini ikaandika Xeon, 3.00 GHz. Nikaipa sendofu ya yule mama. Ilikuwa tayari kabla sijaenda kulala.

Basi hapo kichwa kikavimba. Ya pili niliifanya mchana, wateja wamesimama kaunta, mkono mmoja wembe na mwingine napokea hela ya kopi. Wembe ukateleza.

Kwenye matundu haya pini haziko kwenye prosesa, ziko kwenye bodi. Ziko 775, nyembamba kama unywele, kila moja imepinda kichwa, zote zimelala upande mmoja kama nyasi zilizopigwa na upepo wa ziwa. Nilipomulika kwa tochi ya simu nikaona pini tatu zinatazama Sengerema wakati wenzao wote wanatazama Magu. Nikaweka prosesa hivyo hivyo, kwa imani tu. Feni ikazunguka, skrini ikabaki giza. Nikachukua sindano ya kushonea nizinyooshe mwenyewe. Zikawa nne.

Dada wa chipsi aliyekuwa jirani yangu ndiye aliyesema, “Si umpelekee fundi saa? Wale wanaona vitu ambavyo sisi hatuvioni.” Nilicheka. Kesho yake asubuhi nilikuwa kwenye daladala, bodi mapajani ndani ya boksi la viatu, nimeifunika pamoja na prosesa yake, kila tuta la Mkuyuni na Igogo nalisikia tumboni.

Mzee alikuwa na meza yake ukutani, Makoroboi, na kisanduku cha kioo chenye mikanda na saa zilizosimama kila moja na wakati wake.

“Shikamoo mzee.”

“Marahaba. Imesimama?”

“Si saa, mzee. Ni kompyuta.”

Akaitazama ile bodi muda mrefu. “Ng'wanone, hii mishale yake iko wapi?”

Nikafungua tundu nikamwonyesha. Akabana lenzi jichoni, akainama hadi pua ikakaribia kugusa plastiki, akanyamaza. Wapita njia walianza kusimama. Kibano chake kilikuwa chembamba sana nchani, na hakukitumia kusukuma kama nilivyofanya mimi na sindano. Alikuwa anashika pini karibu na shina, anainua kidogo, anaachia, anaitazama kwa pembeni akilinganisha na jirani yake, ndipo anarudia. Pini ya tatu ilimchukua muda kuliko zote. Niligundua nimebana pumzi pamoja naye.

“Hii ya mwisho imechoka,” alisema. “Usiiguse tena. Ikiguswa itakatika.”

Nikashukuru, nikaanza kufunga boksi. Akanizuia kwa kidole. Alikuwa anaangalia kona ya bodi, ile betri ya duara kama sarafu.

“CR2032,” akasema bila kusoma. Akaichomoa, akaiweka kwenye kipimo chake. Mshale haukusogea hata kidogo. “Hii imekufa siku nyingi. Ya saa, hii?”

“Ndiyo, mzee. Inatunza tarehe umeme usipokuwepo.”

“Na bila hiyo unafanyaje?”

“Nabonyeza F1, halafu naandika tarehe upya.”

“Kila siku?”

“Kila siku. Mwaka wa pili sasa.”

Nilikuwa nimetoa laki moja kwa ajili ya kasi, mbele ya mtu aliyekuwa na betri hizo kopo zima. Mzee hakusema kitu. Alicheka tu, mabega yakatikisika, akamgeukia muuza mikanda wa pembeni akamweleza kwa Kisukuma, na yule naye akacheka. Pini nne shilingi elfu tano, betri elfu moja mia tano.

Nyegezi nilifunga kila kitu kwa mkono wa polepole, mlango nimeegesha, wateja nimewaambia warudi jioni. Ikawaka. Kori nne, 3.00 GHz. Nikaweka tarehe, nikazima, nikachomoa waya ukutani kabisa, nikaenda kunywa chai. Niliporudi na kuwasha haikudai F1, na tarehe ilikuwa ya siku ile.

Jumatatu nilipanda tena daladala hadi Makoroboi kununua betri ya pacha wake.