Mafuta ya zeituni: ninavyoyatumia jikoni na nje ya jiko

Nilipoamua kupikia mafuta ya zeituni kila siku, jambo la kwanza nililolishughulikia ni namna ya kuyatunza. Mwanga, joto na hewa huyachachisha upesi. Kwa hiyo hununua chupa ndogo ya kioo cheusi, nikaiweka kabatini mbali na jiko, na mfuniko hukazwa kila nimiminapo. Penye tarehe ya mavuno, huisoma kwanza. Mafuta haya si divai. Hayanogi kwa kukaa.

Kila chupa mpya huionja. Natia mafuta kidogo kikombeni, nakifumbata kwa viganja mpaka yapate uvuguvugu, nanusa, kisha nasharabu. Yakiwasha koo nafurahi, kwani muwasho huo hutokana na oleokanthali, kemikali ya asili ya zeituni, na ni dalili ya mafuta mazuri. Yakinuka kama karanga zilizokaa sana, yamechacha.

Wengi huogopa kuyaweka motoni. Mimi hukaangia vitunguu na mayai bila wasiwasi, maana yale ya daraja la juu, ambayo asidi yake haizidi asilimia 0.8, huanza kutoa moshi kwenye nyuzi 190 hivi za Selsiasi au zaidi, na moto wa wastani haufiki huko. Ila ladha yake hupungua kwa joto. Ndiyo maana kijiko kizuri kuliko vyote nakiweka akiba ya mwisho: namimina juu ya maharage au supu nikishaipua, na harufu inapanda papo hapo. Kijiko nacho napima, kwa kuwa kimoja cha chakula kina kalori 120 hivi.

Nywele nazipaka matone machache kwenye ncha kabla ya kuziosha. Ngozi ya mtoto mchanga siipaki kabisa, wala ya mwenye pumu ya ngozi: utafiti umeonyesha kwamba mafuta haya yanaweza kudhoofisha kinga ya juu ya ngozi. Ubao wa kukatia pia siupaki, kwa sababu yatachachia humo humo ndani ya mbao.

Gundi ya lebo kwenye mitungi ya kioo, hapo hayana mpinzani. Napaka, naacha kidogo, nafuta kwa kitambaa, halafu naosha kwa sabuni.