Tuliyoyakuta Chini ya Zulia

Jumapili, usiku.

Nimeoga na bado nanuka vumbi la gundi kuukuu. Naandika sasa hivi kwa sababu najijua: nikiiacha hadi kesho, hadithi hii itakuwa imeshaota mbawa.

Dada na shemeji wamenunua nyumba ya zamani, na kazi ya kung'oa sakafu ya chumba cha nyuma imeniangukia mimi, kama kazi zote za familia zinavyomwangukia kitinda mimba. Zulia la plastiki lilikuwa limegandamana na mbao kiasi kwamba shemeji alikuwa akilibandua kwa patasi, kipande baada ya kipande. Chini yake tukakuta magazeti. Hilo halikutushangaza, maana zamani mtu akitandika zulia la namna hiyo alitanguliza karatasi ili misumari isilitoboe na upepo usipenye kwenye mianya ya mbao, na karatasi yoyote ilifaa. Tukawa tunayazoa na kuyatia kwenye gunia bila hata kuyasoma, mpaka dada akapiga ukelele: "Baba watoto, acha! Weka hiyo patasi chini!"

Karibu kabisa na ncha ya patasi palikuwa na jicho. Jicho la mwanamke, kubwa kuliko kiganja changu, nyusi nyembamba za kuchonga, na rangi ya kijani juu ya kope ambayo haikuwa imefifia hata kidogo.

Ni mabango ya sinema. Yametandikwa toka ukuta hadi ukuta, mengine moja moja, mengine yamelaliana na kushikana kwa gundi. Hatujayahesabu vizuri kwa sababu yale yaliyoshikana hatujayagusa, na dada ameapa atakayeyagusa atalala nje.

Jioni nzima nimeshinda kwenye simu nikisoma. Bango la kawaida la Marekani, lile lililobandikwa mlangoni mwa ukumbi, lilikuwa la inchi 27 kwa 41, na mengi ya kwetu yanaingia kwenye kipimo hicho. Yote yana mistari ya mikunjo, mitatu ya kulala na mmoja wa kusimama. Shemeji alisikitika sana kuiona, akidhani ni uharibifu. Kumbe ni cheti cha kuzaliwa. Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980 mabango yalikunjwa kiwandani na kusafirishwa hivyo hivyo, kwa hiyo bango la miaka ya 1940 lisilo na mkunjo hata mmoja ndilo la kutiliwa shaka. Kuna hata nakala za kisasa ambazo mikunjo yake imechapwa kama picha: ukipitisha kidole, karatasi ni laini tupu. Yetu nilipitisha kidole. Mikunjo ipo, inakwaruza.

Pembeni chini ndiko kwenye habari zaidi. Kampuni iitwayo National Screen Service, iliyoanzishwa mwaka 1920, kuanzia 1940 ilishika usambazaji wa mabango ya studio nyingi kubwa za Marekani, na ikawa inayapa namba: mwaka kwanza, kisha mkwaju (/), kisha namba ya filamu. Chini yake huandikwa kwamba bango ni mali ya kampuni na lirudishwe baada ya matumizi. Kwa hiyo hayakuwa ya mwenye ukumbi, na kwa hakika hayakuwa ya mwenye nyumba hii. Dada alicheka sana aliposikia kwamba sakafu yake imejengwa juu ya mali ya watu.

Kisha nikafika kwenye namba ya yule mwanamke. Inaanza na herufi R, halafu 54. R maana yake filamu ilirudishwa kumbini: ni bango la marudio ya mwaka 1954, si la filamu ilipotoka mara ya kwanza. Kwa wanunuzi tofauti hiyo ni kubwa mno. Shemeji alikuwa ameshafika mbali. Alikuwa ameniletea habari ya bango la Dracula ya 1931 lililouzwa mnadani mwaka 2017 kwa zaidi ya dola 500,000, na ya bango la Metropolis lililofika dola 690,000 mwaka 2005. Nilimwonyesha ile R. Alikaa kimya kidogo, akasema, "Basi hata nusu?" Si nusu, shemeji. Hata robo si hakika. Zile zinazopigiwa kelele ni filamu chache, hasa za kutisha za miaka ya 1930, na mabango ambayo dunia nzima yamebaki ya kuhesabu kwa vidole. Mabango mengi ya zamani yana thamani ya kawaida tu, na lililotobolewa na misumari ya sakafu lina thamani pungufu ya hapo.

Habari iliyonigusa mimi ni nyingine. Katika mji wa Berwick, Pennsylvania, kulipatikana darini rundo la mabango 33 ya mwanzoni mwa miaka ya 1930, yameshikana kwa gundi ya karatasi za ukutani mithili ya tofali moja. Wataalamu wakayatenganisha moja moja, na mwaka 2012 yakauzwa kwa jumla ya dola 503,000 hivi. Watu wanaisoma habari hiyo kwa ajili ya dola. Mimi nimeisoma kwa ajili ya gundi. Aliyeyapaka gundi hiyo hakuwa anahifadhi kitu, lakini gundi ndiyo iliyoyazuia yasitawanyike.

Maana bango la sinema lilitengenezwa life. Filamu ilikaa ukumbini siku chache, mara nyingi hata wiki haikuisha, na bango jipya likabandikwa juu ya lile la jana. Yaliyobaki mazima yalirudishwa yakatumike ukumbi mwingine mpaka yachakae. Ikaja vita ya pili ya dunia na kampeni za kukusanya karatasi chakavu, mabango nayo yakachukuliwa kwa kilo. Yaliyopona ni yale yaliyotoka nje ya njia hiyo: yaliyoibwa, yaliyosahauliwa, au yaliyogeuzwa kuwa kitu kingine. Filamu zenyewe zina kisa hicho hicho. Mwaka 1978, huko Dawson City, Kanada, mafundi wakichimba uwanja walifukua mamia ya mikanda ya filamu za kimya iliyotumika kama kifusi cha kujazia bwawa la kuogelea. Waliojaza bwawa walikuwa wanatupa takataka. Wameokoa kuliko studio nyingi.

Ndiyo maana lililoniweka macho usiku huu si yule mwanamke wa 1954. Ni jingine, lililokuwa kwenye kona ya dirisha.

Hilo halina namba. Lina mwaka mdogo chini, 1924, na jina la filamu ambalo shemeji ameniapisha nisilitaje popote (anaamini kuna watu watakuja na gari usiku). Nimelitazama kwa lenzi ya kuongeza ukubwa: rangi zake hazina vile vidoti vilivyopangana vya mashine za baadaye. Zimechanganyika kama chaki iliyosuguliwa kwa mkono, jinsi zilivyokuwa rangi za uchapaji wa mawe, ambapo picha ilichorwa kwanza juu ya jiwe. Nimetafuta filamu yenyewe. Maktaba ya Bunge la Marekani ina orodha ya filamu ndefu za kimya za nchi hiyo na mahali zilipohifadhiwa. Utafiti wake wa mwaka 2013 ulionyesha kwamba asilimia 70 hivi zimepotea kabisa. Jina la filamu yetu limo. Mahali ilipohifadhiwa pako patupu.

Kwa hiyo, kwa tunavyojua, hakuna binadamu anayeweza kuitazama. Kuna mwanamume mwenye kofia, mlango uliofunguliwa nusu nyuma yake, na mkono wa mtu asiyeonekana umeshika kitasa. Nani huyo? Jibu limeungua au limeoza pamoja na mkanda. Filamu London After Midnight ya mwaka 1927 iko katika hali kama hiyo, nakala yake ya mwisho iliyojulikana iliteketea ghalani miaka ya 1960, na bango lake pekee la ukubwa wa kawaida linalojulikana liliuzwa mwaka 2014 kwa dola 478,000. Silitaji ili kumpa shemeji matumaini. Nalitaja kwa sababu ya hali ya ajabu ya tangazo kuishi miaka na miaka baada ya kitu lilichokitangaza.

Na kuna jambo jingine ambalo sikuwaambia wenzangu mpaka nilipolitafakari. Magazeti yaliyokuwa juu ni ya katikati ya miaka ya 1950, na yanaafikiana na ile R54. Sakafu ilitandikwa wakati huo. Sasa bango la 1924 lilikuwa wapi miaka yote thelathini kabla ya hapo? Hakuna ukumbi uliokuwa ukionyesha filamu hiyo tena. Filamu za kimya zilikuwa zimeshakufa tangu mwanzo wa miaka ya 1930. Mtu fulani alilitunza. Labda alifanya kazi kwenye ukumbi, akalificha kwenye kabati, akahama nalo, halafu siku moja akaishiwa karatasi. Na mabango mengine yote yalilazwa uso juu. Hilo peke yake lililazwa uso chini, mgongo ndio ukapokea vumbi na misuguano, rangi zikabaki kama zilivyo.

Dada anaona huo ni ushahidi kwamba aliyelitandika alilipenda. Shemeji anasema fundi akiwa na haraka hatazami juu wala chini. Mimi nimekaa katikati nikiegemea upande wa shemeji, ila naomba dada asijue.

Tumekubaliana mambo machache. Hakuna selotepu kugusa chochote, maana gundi yake hugeuka kahawia na kula karatasi. Hakuna kupeleka kulaminishiwa, yaani kufunikwa plastiki. Karatasi hizi ni za mbao zenye tindikali, zimeshakuwa kavu, na kila ukiikunjua moja kwenye mkunjo wake unaisikia ikilalamika. Kwa hiyo zimelala bapa kwenye chumba chenye giza, na dirisha limefunikwa shuka. Tumempata mtaalamu wa kurekebisha karatasi, na ametujibu kwa ujumbe mfupi mno: yaliyoshikana yasitenganishwe, yasiloweshwe, apelekewe yote pamoja na kipande cha ubao yaliyogandia. Njia yake, ametueleza, ni kuyabandika kwenye kitambaa akiweka karatasi nyembamba ya Kijapani katikati, kwa uji wa wanga unaoweza kuondolewa baadaye. Shemeji anataka bei kwanza. Dada ameshamjibu mtaalamu kwamba tunakuja.

Bado vyumba viwili vina zulia lile lile. Shemeji, ambaye asubuhi alilalamika mgongo mpaka nikamwonea huruma, amenipigia sasa hivi kuuliza kama kesho naweza kufika kabla jua halijachomoza.