Kumbukumbu ya mradi: kuishusha nyuma Corolla KE70

Nyuma imeshuka milimita 30 na gari sasa limekaa sawa. Naiandika kazi yote kabla sijasahau, hasa vipimo, maana vipimo ndivyo vilivyoniambia nikate wapi.

Gari ni Corolla KE70, sedani, injini ya 4K ya cc 1290. Kizazi hiki kilianza mwaka 1979, na ndicho cha mwisho ambacho Corolla zote zilisukumwa na matairi ya nyuma. Sedani ina ekseli nzima nyuma, fito nne zinazoishika kwa urefu, na fito ya tano iliyokingama kuizuia isihamie kushoto wala kulia. Hiyo ya tano wengi wanaiita panadi. Springi zake ni za koili na zimekaa mbali na shokapu, jambo linalorahisisha kazi sana: huhitaji kifaa cha kubania springi, ekseli ikishushwa vya kutosha springi inatoka kwa mkono.

Mwenye gari wa kwanza alikuwa Mpwapwa, analibebesha magunia ya karanga, na alifunga springi ndefu kuliko za asili. Likiwa na mzigo lilikaa vizuri. Likiwa tupu lilinyanyua makalio na kuinamisha pua, na kwenye kona nyuma ilikuwa inayumba vibaya. Mimi nalitumia na familia hapa Dodoma, kazini na kurudi, Jumapili nikijaaliwa tunafika Chamwino. Sihitaji urefu ule.

Vipimo kabla ya kufungua

Nilisimamisha gari kwenye sakafu ya zege ya jirani, Ipagala, kwa sababu uwanja wangu una mteremko. Springi ikiwa imebeba gari ilikuwa na urefu wa milimita 210 na mizunguko 7 inayofanya kazi, yaani ile inayojipinda, si ncha inayolala tu. Ekseli ikining'inia, nafasi kati ya kikalio cha juu na cha chini, yaani pale springi inapoegemea bodi na ekseli, ilikuwa 270. Springi ikiwa nje, haina mzigo, 320. Kati ya raba ya kuzuia ekseli isigonge bodi na ekseli yenyewe kulikuwa na 75.

Ugumu wake niliupima kwa saruji. Nilitoa kiti cha nyuma, nikapanga mifuko mitatu karibu kabisa na juu ya ekseli. Hizo ni kilo 150, yaani kilo 75 kwa kila springi, na nyuma ikazama milimita 50. Kwa hiyo kila milimita moja inahitaji kilo moja na nusu.

Hapa ndipo penye utamu wa kazi hii. Ukikata mzunguko mmoja, springi inakuwa fupi, lakini pia inakuwa ngumu zaidi, kwa sababu waya unaojipinda umepungua. Mizunguko 7 ikibaki 6, ugumu unapanda kwa 7 gawanya kwa 6, kama asilimia 17. Ndiyo maana gari halishuki kwa urefu wa kipande ulichokata. Ukiifuata hesabu mpaka mwisho inaishia pepesi ajabu: chukua urefu wa springi ikiwa imebeba gari, gawanya kwa mizunguko inayofanya kazi. 210 kwa 7 ni 30. Kila mzunguko utakaokata utashusha milimita 30, basi.

Nilitamani sana mzunguko mmoja na nusu, nishushe 45. Vipimo vikakataa. Kwa mzunguko mmoja, urefu wa springi isiyo na mzigo unabaki 274 (320 mara 6, gawanya kwa 7), na nafasi ekseli ikining'inia ni 270, kwa hiyo springi bado inashikwa. Kwa mmoja na nusu unabaki 251. Tairi likiingia korongo, springi inakaa huru kwa karibu sentimita mbili, na ikirudi inaweza kukalia mahali si pake. Kwa barabara za mitaa yetu za vumbi siwezi kukubali hilo na watoto wako kiti cha nyuma.

Kuna sababu ya pili. Kikalio cha chini kina ngazi ambayo ncha ya springi inaegemea, na raba ya juu nayo ina ngazi yake. Mzunguko mzima ukikatwa, ncha mpya inaangukia upande uleule wa ncha ya zamani. Nusu mzunguko ingeangukia upande wa pili kabisa.

Kukata

Fundi wangu wa Chang'ombe alipita Jumamosi kuangalia. Ni fundi mzuri, injini ya gari hili ameifungua yeye. Akaniambia, "Kaka, unajitesa. Tuiwashie gesi hapohapo chini ya gari, dakika mbili inalala yenyewe." Nikamwambia, "Fundi, hapo nakukatalia." Tukabishana kwa heshima mpaka chai ikapoa.

Msimamo wangu ni huu. Chuma cha springi kimepashwa moto, kikapozwa ghafla, kisha kikapashwa tena kwa joto la chini ili kiwe kigumu lakini chenye kurudi. Ukikipiga gesi mpaka kiwe chekundu umevuka joto hilo kwa mbali, na pale ulipopiga kimelainika. Gari litashuka, ndiyo, na litaendelea kushuka kila ukipakia watu, upande mmoja zaidi ya mwingine. Au pakitokea ufa, springi itakatikia palepale. Sijui kwa nini njia hii bado inapendwa kiasi hiki wakati grenda ipo kila gereji.

Kufungua kulikwenda haraka. Vigingi kwenye matairi ya mbele, bodi juu ya stendi, jeki chini ya difu, bolti za chini za shokapu nje, panadi nje upande mmoja, kisha jeki inashushwa polepole huku jicho liko kwenye mpira wa breki. Mpira huo usiachwe hata kidogo ubebe ekseli. Springi nayo ikiwa mle ndani bado imebanwa kwa milimita 50, kama kilo 75 za nguvu, kwa hiyo mikono ikae mbali mpaka ilegee yenyewe.

Ncha ya juu ya springi zangu imelazwa bapa, ya chini iko wazi. Inayokatwa ni iliyo wazi. Nilipiga chaki kwenye ncha, nikaufuata waya kwa kidole mzunguko mzima mpaka nikafika juu ya ile chaki, nikapiga alama ya pili. Nikazungushia kitambaa chenye maji kandokando ya alama, nikatumia diski nyembamba ya grenda, nagusa, naacha, namwagia maji, nagusa tena. Rangi ndiyo inayokuambia hali: ikitambaa bluu kutoka kwenye mkato, umekazana mno, pumzika. Kwangu bluu iliishia karibu kabisa na ncha, sehemu inayolala kwenye kikalio na isiyojipinda. Springi ya pili niliisimamisha kando ya ile ya kwanza nikahamisha alama, ili zote mbili zilingane. Kisha nikalainisha kingo kwa tupa na kupaka rangi chuma kilichobaki wazi, maana kutu ikichimba kijishimo kwenye springi, ufa huanzia hapo. Vikalio vilikuwa vimejaa vumbi jekundu lililogandamana na grisi. Nilikwangua lote kabla ya kurudisha.

Baada ya kufunga

Panadi niliikaza gari likiwa chini kwa matairi yake. Ukiikaza ekseli ikining'inia, bushi zake zitakaa zimejipinda muda wote na zitachanika mapema. Nilipima kushoto 31, kulia 29. Nikatundika timazi kutoka ukingo wa madigadi kila upande kuona kama ekseli imehama. Tofauti ni milimita 2, nimeiacha.

Mifuko ya saruji ikarudi kwenye gari. Safari hii ilizama 43, na nafasi ya raba sasa ni 45. Yaani watu watatu nyuma, na kila tuta raba inagonga. Nilipunguza raba milimita 15 kutoka chini, lakini kwanza nikahakikisha shokapu bado ina nafasi ya kuingia na tairi haligusi madigadi. Bila hivyo unahamishia tu kishindo kwenye shokapu.

Jambo ambalo watu wengi hawaligusi ni taa. Urefu kati ya matairi ya mbele na ya nyuma ni milimita 2400. Nyuma ikishuka 30, mwanga umepanda sentimita 12 na nusu kwa kila mita 10 mbele. Kwenye barabara ya Morogoro usiku huo ni mwanga wa machoni mwa dereva wa basi. Nilisimama mita 10 kutoka ukutani, nikazishusha taa kwa kiasi hichohicho.

Nimelijaribu mpaka Buigiri na kurudi, tupu na likiwa na watu. Kwenye kona halilali tena. Kwenye rasta nyuma inarukaruka kidogo, na hilo ni shokapu: zilikuwa zimechoka, na springi ngumu zaidi imezidhihirisha. Natafuta mpya za urefu uleule wa asili. Mbele sigusi, sampu (bakuli la oili chini ya injini) tayari iko karibu na matuta ya mtaani kuliko ninavyopenda.