Siku moja maishani mwangu: kahawa ya kihambani, kutoka ndoo ya kuvundika mpaka kikombeni

Saa 11 alfajiri huku kihambani, yaani shamba letu la nyumbani Kibosho mlimani Kilimanjaro, bado giza na baridi ya mwezi wa tisa inauma kweli, lakini nikitoka nje siendi jikoni, naenda kwenye ndoo. Juzi jioni tulimenya kahawa kwa mashine ya mkono tukaivundika, tukafunika na gunia, maana kwa baridi ya mlimani ute unaozunguka punje hauachii haraka, unaweza kuchukua siku moja na nusu mpaka mbili wakati kule tambarare kwenye joto kesho yake tu iko tayari. Naingiza mkono nasugua punje, zikiteleza bado, zikikwaruza kama changarawe zimeiva. Mama mkwe yeye ana kipimo chake, anachomeka kijiti katikati ya kahawa anakichomoa, shimo likibaki wazi anasema osheni, likijifunika anaenda zake kukamua ng'ombe.

Leo shimo limebaki. "Haya mama, usilaze tena hiyo, itachacha."

Na hapo hana utani, kahawa iliyopitiliza kwenye ndoo inapata uchachu ambao hakuna moto wa kuutoa, utaikaanga vizuri utaisaga vizuri na uchachu utaukuta palepale kwenye kikombe.

Saa 12 mpaka saa 1 na nusu ni kuosha. Maji tunatoa kwenye mfongo, mfereji wetu wa asili, namimina nakoroga kwa mkono, mapepe yanaelea juu nayaengua naweka pembeni, namwaga maji narudia mpaka yatoke meupe. Usiwe na haraka hapa. Alafu kichanjani, wavu umetandazwa kwenye fremu ya mbao usawa wa kiuno, kahawa inatandazwa nyembamba hewa ipite juu na chini. Ya wiki iliyopita iko upande wa pili, hiyo nageuzageuza tu na kuchambua zilizobaki na ganda jekundu.

Saa 3 chai. Ndio, chai ya majani, na ndizi za kuchemsha! Hili ndo jambo linalonikaa moyoni. Kahawa iko mlimani hapa tangu wamisionari wa misheni ya Kilema miaka ya mwisho ya 1800, mababu zetu wakaanzisha chama chao cha wakulima mwaka 1925 na KNCU, chama kikuu cha ushirika cha Kilimanjaro, ikaja 1933, watu wamesomesha watoto kwa kahawa, wamejenga kwa kahawa, lakini ingia nyumba kumi uombe kikombe uone utaletewa nini. Wanaoinywa kila jioni ni wenzetu wa Pwani, kijiweni na kashata, na wao hawana hata mche mmoja. Sisi tulizoea kwamba kahawa ni ya kupeleka chamani. Mimi bado nyingi napeleka AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, kama kila mtu ila kuna sehemu nabakiza, na hiyo ndo kazi yangu ya kuanzia saa 4.

Nachukua ya maganda, yaani yenye lile ganda jembamba la ndani, iliyokauka kabisa, ukiing'ata inakuwa ngumu na ukimenya lile ganda punje ndani ina rangi ya kijani iliyoingiliana na bluu. Kwenye kinu na mchi, natwanga polepole ganda liachie bila kuvunja punje, napepeta kwa ungo. Kilo 5 mpaka 6 za kahawa mbivu ukimaliza safari yote unabaki na kama kilo 1 safi, kwahiyo kila punje ina thamani yake, na bado inabidi nitupe. Nyeusi, zilizotobolewa na wadudu, zilizovunjika, zote nje. Zile punje duara naziweka peke yake, na ndogo natenga na kubwa, maana ukizichanganya sufuriani ndogo zinaungua kubwa zikiwa bado mbichi ndani. Hii kazi inachosha macho kuliko zote na watu wengi wanairuka, alafu wanalaumu moto.

Saa 6 jua likiwa kali nafunika ile ya kichanjani iliyo mbichi, isije ikapasuka maganda.

Saa 8 mchana sasa. Mkaa umeshika vizuri, sufuria la chuma zito limepata moto, namimina nusu kilo, sizidishi hapo kwasababu ikiwa nyingi mwiko haufiki chini na upande mmoja unaungua. Kuanzia hapo siachi kukoroga, simu iko ndani, mgeni akija atanisalimia hapohapo jikoni. Kwanza inatoa mvuke na harufu ya majani, punje zinakuwa njano, alafu harufu inageuka inakuwa ya mkate ukiiva, rangi inaingia udongo na vile vingozi vyembamba vinaanza kuruka. Hapo napunguza mkaa kidogo. Kama dakika ya kumi au kumi na mbili hivi unasikia pa! kimya, pa, pa, alafu nyingi kwa pamoja, punje zinapasuka na kuvimba, joto lake linakuwa linakaribia nyuzi 200. Huo mlio ndo saa yangu. Naacha mpaka uanze kupungua naipua, maana ukiendelea unakuja mlio wa pili, mafuta yanatoka juu, kahawa inakuwa nyeusi inang'aa na ladha ya shamba lako imeondoka imebaki ya moto tu. Wapo wanaoipenda hivo, mimi hapana, nimeilea muda mrefu mno kuifanya mkaa.

Inamwagwa kwenye ungo harakaharaka na kupepetwa, vingozi vinapeperuka na inapoa, ukiiacha kwenye sufuria inaendelea kuiva yenyewe. Ile nusu kilo inarudi kama gramu 420, kilichopotea sehemu kubwa ni maji. Siifungi leo, inatoa gesi, inasubiri mpaka kesho. Nakaanga mizunguko mingine alafu najifuta jasho.

Saa 10 jioni tunachuma, nyekundu tupu, ya kijani hairuhusiwi kapuni hata moja, kisha kumenya na ndoo inajaa tena.

Saa 1 usiku babu jirani kapita. "Shikamoo babu, karibu kahawa." "Marahaba mjukuu wangu. Kahawa? Sukari iko wapi?" Nikamwambia onja kwanza. Ilikuwa ya wiki iliyopita, nimeisaga saa hiyohiyo. Akanywa, akanyamaza, akanyoosha kikombe niongeze, akauliza imetoka shamba gani. Nikamwambia ni miche ileile ya chotara tuliyopanda pamoja na yeye, ile isiyosumbuliwa na chulebuni, ugonjwa unaoozesha kahawa mtini. Tumekubaliana asipeleke zote chamani msimu huu, abakize debe moja, Jumamosi anakuja na ungo wake.