Mkoba wa askari kwa kitambaa cha tanga

Mkoba wa begani ukichoka, tazama umechokea wapi. Mara chache ni tumboni. Mara nyingi ni pale mkanda ulipopigwa mshono mmoja kwenye ukingo, uzi ukalila turubai kidogo kidogo hadi pakatoka tundu, na siku moja mkoba ukabaki chini na mkanda begani. Ndiyo maana patani ya mkoba wa kijeshi inafaa kushonwa nyumbani hata na mtu asiyependa mambo ya jeshi: ukiifuata vizuri, uzito haubebwi na kitambaa, unabebwa na mkanda unaopita chini ya mkoba wote kama kamba ya tenga.

Umbo ninalolielezea limeegemea shanta ndogo ya Waingereza ya muundo wa 1937, ile ya pamba nzito na vyuma vya shaba iliyotumika katika Vita vya Pili vya Dunia. Vipimo nimevirekebisha ili mkoba ukae kiunoni badala ya mgongoni. Ukimaliza utakuwa na upana wa sentimita 30, kimo 26 na kina 8. Unaingia daftari kubwa, chupa ya maji, kikoi, na samaki wawili waliofungwa vizuri.

Neno moja kuhusu rangi kabla ya kununua chochote. Usishone mkoba huu kwa kitambaa cha madoamadoa ya jeshi. Kenya raia haruhusiwi kuvaa sare za jeshi, na hutaki kusimama gatini Mokowe ukimweleza askari kwamba ulikuwa unajifunza kushona. Kaki tupu inatosha. Neno lenyewe linatokana na Kiajemi, maana yake vumbi, na kwa vichochoro vya mtaa wa Langoni, Lamu, rangi ya vumbi ni busara. Rangi ya tanga lisilopakwa kitu ni nzuri vilevile.

Kitambaa kiwe pamba ya turubai yenye uzito wa gramu 340 hadi 400 kwa mita mraba. Marudufu mazito ya matanga yanafaa sana. Chini ya uzito huo mkoba unalegea na kuning'inia kama soksi. Juu yake cherehani ya nyumbani inaanza kulia. Kikiwa na upana wa sentimita 150, nunua sentimita 60. Kikiwa na upana wa 90, nunua mita moja na robo, kwa sababu kipande cha ubavu ni kirefu na hakikubali kuunganishwa katikati. Kifue kwanza kwa maji ya moto, kikauke, ukipige pasi, ndipo ukate. Pamba mpya hujikunja sentimita tano au zaidi kwa kila mita, na ikijikunja baada ya kushonwa, mkanda wa chini hautajikunja nayo: sakafu ya mkoba itapiga mawimbi.

Tanga kuukuu la jahazi lina uzuri wake, viraka na madoa na yote, na Lamu halikosekani kwa anayejua kuuliza. Lakini jua hula pamba. Shika pembe ya kitambaa kwa mikono miwili uvute kwa nguvu, kwanza kwa kufuata mtande (nyuzi za urefu), kisha mshindio (nyuzi za upana). Kikipasuka kwa sauti kavu kama karatasi, kiache kifutie sakafu. Kama kimehimili, choma sindano nene kisha vuta pembeni mwa tundu. Tundu likipanuka na kubaki wazi, nyuzi zimekufa. Sehemu iliyokuwa karibu na kamba ya pindo huwa imesuguliwa sana, ikate uitupe. Halafu loweka tanga kwa maji baridi usiku mzima na ubadilishe maji mara tatu. Chumvi iliyobaki ndani huvuta unyevu wa hewa, na mkoba wa chumvi haukauki kamwe, unaota kuvu mweusi hata ukiwa umetundikwa. Kipande chenye kiraka kiweke mbele, panapoonekana na pasipobeba kitu.

Vyuma viwe vya shaba, au vya chuma kisichoshika kutu. Hapa sina mjadala. Pete ya chuma iliyopakwa rangi ya dhahabu inamaliza miezi michache tu kwenye hewa ya pwani, kisha kutu inashuka kwenye pamba na doa lake halitoki. Nenda dukani na sumaku ndogo: ikinasa kwa nguvu, rudisha. Unahitaji pete mbili za umbo la D za upana wa sentimita 4, bizimu moja la kurefushia mkanda la upana huohuo, na mabizimu mawili ya sentimita 2.5 yasiyo na ulimi. Hayo yasiyo na ulimi ndiyo ya kijeshi hasa: mkanda unapita juu ya mwamba wa kati na kujibana wenyewe, kwa hiyo hutoboi tundu hata moja. Mkanda wa pamba wa sentimita 4, mita 3. Wa sentimita 2.5, mita 1. Utepe mwembamba wa pamba wa kufungia akiba za mshono (kitambaa kinachobaki nje ya mshono), mita 2. Mkanda wa nailoni ni rahisi kupatikana na ncha zake unaziyeyusha kwa kiberiti, ila unateleza begani juu ya kanzu na kukata shingo. Pamba inashika. Ncha za pamba usizichome. Zikunje mara mbili uzishone.

Uzi ni poliesta nene, ule wa kushonea jinzi, juu na kwenye bobini pia. Uzi wa pamba huoza kabla ya kitambaa. Sindano namba 18 (110), na namba 16 kwa bitana. Cherehani nyeusi ya mkono au ya mguu inafanya kazi hii vizuri kuliko nyingi mpya za plastiki, kwa sababu unaweza kuizungusha gurudumu kwa mkono, tundu moja moja (yaani hatua moja moja ya mshono), unapofika penye tabaka nyingi. Urefu wa tundu uwe milimita 3 hadi 3.5, kama mashine yako haina namba, pima inchi moja na uhesabu tundu saba au nane. Tundu fupi zaidi ya hapo zinakigeuza kitambaa kuwa karatasi ya stempu.

Sasa vipande. Akiba ya mshono ni sentimita 1.5 kila mahali, na imeshahesabiwa humu. Mbele na nyuma ni sawa, kila kimoja upana 33 na urefu 30.5; juu kuna sentimita 3 za kupinda. Kifuniko ni 32 kwa 28, kimoja cha turubai na kimoja cha bitana. Kipande cha amerikani kinatosha kwa bitana, au kikoi, mradi kikoi kifuliwe mara mbili kisije kikatoa rangi. Ubavu ni ukanda mmoja wa 98 kwa 11 unaozunguka kushoto, chini na kulia. Mfuko wa ndani ni 23 kwa 20. Urefu wa kila kipande ufuate mtande au mshindio. Ubavu uliokatwa mshazari utarefuka kila siku, na mkoba utashuka upande mmoja. Kama ni mara yako ya kwanza, kata vyote kwa amerikani ya bei rahisi, upige bandi (mshono wa muda), uone umbo. Saa moja inayookoa turubai nzima.

Kwenye ubavu tia alama za chaki kabla ya kitu kingine. Katikati ni sentimita 49 kutoka kila ncha. Kutoka katikati hesabu 15 kila upande: hizo ni kona za chini. Kutoka kona panda 26: huo ndio mdomo wa mkoba. Sentimita 8 zinazobaki ni 5 za sikio na 3 za pindo. Masikio haya yanakunjwa kwa ndani chini ya kifuniko na kuziba pembe, na bila hayo mvua ya masika inaingia ubavuni hata kifuniko kiwe kizuri namna gani. Kunja kingo za sikio nusu sentimita kisha moja, pinda na ncha, shona.

Baada ya masikio, mkanda. Kata mita moja kamili ya mkanda mpana. Ulaze katikati ya ubavu, upande wa uso, kutoka alama ya mdomo hadi alama ya mdomo ya pili. Hapo umetumia 82, na zimebaki 9 kila ncha. Pitisha kila ncha kwenye pete, ikunje irudi chini, ifiche kati ya mkanda na turubai. Ndani ya ubavu weka kiraka cha turubai cha 8 kwa 8 nyuma ya mahali hapo. Shona kingo mbili za mkanda kwa urefu wote, milimita 3 kutoka ukingoni, kisha chini ya kila pete shona mraba wa upana wa 3.5 na urefu wa 6, wenye alama ya X ndani yake. Pita juu yake mara mbili. Hapa ndipo sindano huvunjika, na karibu kila mara sababu ni moja: mtu amekanyaga kwa kasi na kukivuta kitambaa kwa nyuma, sindano ikapinda na kugonga bamba. Zungusha kwa mkono, na usivute. Kama mashine inakataa kabisa, chukua shazia, ile sindano kubwa ya matanga, na uzi uliopakwa nta, shona mraba huo kwa mkono kwa kurudi nyuma. Aliyewahi kushona kofia ya vito hatalalamika.

Mbele na nyuma ni kazi nyepesi. Pinda midomo yake, sentimita moja kisha mbili. Mfuko wa ndani ushonwe upande wa ndani wa kipande cha nyuma. Kwenye kipande cha mbele, kata mkanda mwembamba vipande viwili vya sentimita 9, kila kimoja kikunjwe juu ya bizimu, na mwamba wa bizimu ukae sentimita 9.5 juu ya ukingo mbichi wa chini, yaani 8 baada ya mshono. Toka kila upande sentimita 8 kuelekea katikati.

Kifuniko: weka turubai na bitana uso kwa uso, shona pande tatu, kata pembe, geuza, piga pasi, shona tena juu ya ukingo. Kimebaki na upana wa 29. Usikipanue zaidi ya hapo, maana kikigusa mstari wa mshono wa ubavuni utakishona ndani bila kujua, na kufumua turubai huacha matundu yasiyofungika. Mikanda miwili ya kufungia ni sentimita 26 kila mmoja: 8 zimeshonwa juu ya kifuniko, 16 zinaning'inia, 2 ni za kukunja ncha. Ipange dhidi ya mabizimu huku vipande vimelazwa mezani, usipime kwa rula peke yake. Kisha kunja ndani ukingo mbichi wa kifuniko, ulaze juu ya uso wa kipande cha nyuma sentimita 2 chini ya mdomo, uweke katikati, na ushone mistari miwili iliyoachana sentimita moja na nusu.

Kuunganisha kunawashinda wengi, na kosa si lao, ni la meno ya cherehani. Meno huvuta tabaka la chini kuliko la juu, kwa hiyo ukianza mdomo mmoja ukazunguka hadi wa pili, ubavu unafika umezidi sentimita nzima na mkoba umejipinda kama umekaliwa. Uanzie katikati ya sakafu. Ubavu ukae juu, ushikwe kwa pini au vibanio vya nguo, maana pini huacha tundu kwenye tanga kuukuu. Shona hadi kona, acha sindano imezama, inua mguu wa mashine, kata mpasuko wa sentimita 1.2 kwenye ubavu mbele ya sindano, geuza, panda juu hadi mdomo na urudishe mshono nyuma tundu tano. Kisha rudi katikati, nenda upande wa pili. Mpasuko ukizidi, umetoboa kona. Ukipungua, kona inakunja uso. Pita kila mshono mara ya pili milimita 3 nje ya wa kwanza, kisha vika akiba zote utepe, la sivyo nyuzi za turubai zitakuwa zinakatika ndani ya mkoba na kunasa kwenye kila unachokitoa.

Kama chini ya kitambaa panatokea fundo la nyuzi, usiguse bobini; uzi wa juu ndio uliotoka kwenye mkazo, upitishe upya mguu wa mashine ukiwa umeinuliwa. Tundu zikirukwa, badilisha sindano.

Nta ni hiari. Ukitaka, ipake kifuniko peke yake. Yeyusha nta ya nyuki kwenye kopo lililo ndani ya sufuria ya maji, si juu ya moto moja kwa moja, paka kwa brashi nyembamba, kisha piga pasi juu ya karatasi ili izame. Nta ya mishumaa peke yake hulainika kwa joto letu na kuhamia kwenye kanzu. Mkoba wenye nta haufuliwi kwa maji ya moto tena, unapanguswa tu.

Mkanda wa begani umebaki mwisho, mita moja na nusu. Ncha moja ishone moja kwa moja kwenye pete kwa mraba uleule wenye X. Nyingine ipite kwenye bizimu la kurefushia, iende pete ya pili, irudi na kushonwa kwenye mwamba wa kati wa bizimu. Uhakikishe kabla ya kushona kwamba mkanda haujasokoteka. Tia kilo tano za mchele ndani, uutundike kwenye msumari usiku kucha, asubuhi ukague miraba yote: tundu zikiwa zimefunguka, pita tena na uzi mpya kabla mkoba haujaingia mashuani.